Gesi ya Jokofu Haiishi kwa Kutumika
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimetakiwa kuzungumza juu ya utunzaji wa mali ya chama. Nitashika mali moja tu, nayo ni jokofu dogo la nyumbani, ambalo vyama kadhaa vimelinunua kwa kuhifadhia chanjo za mifugo au vinywaji vya duka. Sababu yangu ni vocha. Katika vitabu vya chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta vocha tatu za mwaka mmoja zenye maelezo yale yale: "Kujaza gesi ya friji." Katibu alipoulizwa alijibu kwa unyofu kwamba gesi ilikuwa imekwisha, kama mafuta ya taa yaishavyo katika kandili.

Sivyo. Kompresa huisukuma gesi katika mabomba ya nyuma, ambako hutoa joto na kugeuka maji. Hupita katika bomba jembamba sana, kisha huchemka tena ndani ya jokofu na kufyonza joto la vitu vilivyomo, halafu hurudi kwenye kompresa. Ni gesi ile ile inayozunguka miaka yote. Mabomba yameunganishwa kwa kulehemu, hayana mahali pa kufunguliwa. Basi gesi ikipungua, pana tundu, na kujaza bila kuliziba ni kumimina maji katika mtungi wenye ufa. Chama kile kililipia ufa mmoja mara tatu.

Aidha, si kila jokofu lisilopoza limepungukiwa gesi. Mpira wa mlango uliolegea, vumbi lililoshonana nyuma, au umeme hafifu huleta dalili hiyo hiyo. Hayo yatazamwe kwanza, maana kila mfumo ukatwapo unyevu huingia, nao huweza kuganda katika lile bomba jembamba na kuliziba.

Kabla fundi hajashika chombo chochote, katibu asome naye kibao cha jokofu, ambacho hutaja aina ya gesi na uzito wake. Majokofu ya zamani yalitumia R12, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Ilidhibitiwa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuitengeneza na kuitumia ifikapo mwaka 2010. Ikafuata R134a, ambayo haiwaki kwa urahisi, lakini huongeza joto la dunia, na ikikutana na moto wa kulehemu hutoa moshi wenye sumu. Hiyo ivutwe na kuhifadhiwa katika mtungi wake, isiachiliwe hewani.

Majokofu mengi mapya yana R600a, yaani isobuteni, ndugu wa gesi ya kupikia. Uzito wake mara nyingi haufiki hata gramu 100, na wengine huidharau kwa hilo. Lakini ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na ikifikia karibu sehemu 2 katika 100 za hewa huweza kulipuka. Tena haitiwi harufu kama gesi ya jikoni, kwa hiyo pua si kinga.

Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na mashimo ya maji machafu. Waya wa umeme uchomolewe kabla gesi haijaachiliwa. Fundi avae miwani na glavu, kwa kuwa gesi ikitoka hali ya maji hugandisha ngozi na jicho. Bomba likatwe kwa kikatio, lisifunguliwe kwa moto, kwani mafuta ya kompresa hubaki na gesi ndani yake hata mfumo ukidhaniwa kuwa mtupu.

Hapa nawaomba mnisikilize zaidi. Fundi wa kulehemu mara nyingi ana mtungi wa oksijeni, na hushawishika kuutumia kutafutia mvujo. Asiruhusiwe kabisa! Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na ganda la chuma humpasukia aliyeinama juu yake. Mvujo hutafutwa kwa naitrojeni kavu, kupitia vali ya kupunguza shinikizo, na povu la sabuni kwenye maungio.

Baada ya kuziba, kichujio cha kukausha unyevu kibadilishwe, hewa inyonywe kwa pampu, kisha gesi ipimwe kwa mizani. R600a huhitaji chini ya nusu ya uzito wa R134a, kwa hiyo kukisia hakufai. Wala jokofu la R134a lisitiwe R600a, kwani swichi zake hazikuundwa kwa gesi inayowaka. Gesi ya kupikia haimo kabisa katika hesabu hii, hata ikiwa rahisi dukani.

Vocha ya kazi hiyo itaje aina ya gesi, gramu zilizotiwa, mahali palipovuja na kichujio kilichofungwa. Fundi asiye na mizani wala pampu asipewe kazi. Wakati wa kumtafuta mwingine, chanjo zihamishiwe jokofu la chama jirani ndani ya kisanduku chenye barafu, zisiiguse barafu yenyewe; nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi.