DVD Moja, Filamu Kumi

Kasha la DVD kwenye meza ya muuzaji, Busia au Malaba mpakani mwa Kenya na Uganda, hujigamba: filamu 10 kwa bei ya moja! Hesabu hulisuta. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7; zigawe kwa 10, kila filamu inaambulia megabaiti 470 hivi, pungufu ya CD moja. Ndiyo maana jambazi akikimbia gizani, skrini hujaa vijisanduku vya kijivu na uso wake hupotea.

Ng'ambo ya mpaka, Uganda, kuna filamu inayovuruga kipimo hicho cha ubora wa picha. Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa na Nabwana I.G.G. mtaani Wakaliga, Kampala, mwaka 2010. Nakala asilia aliifuta kwenye kompyuta apate nafasi ya kazi nyingine. Iliyosalia ni ya kiwango cha DVD. Hata ilipotolewa kwa Blu-ray Marekani mwaka 2019, picha haikuweza kuzidi chanzo chake.

Utamu umo kwenye sauti: VJ Emmie, msimulizi anayesikika juu ya filamu, huwatania waigizaji na kushangilia kila risasi. Hiyo ndiyo nyongeza ya kulipia.

Kwa DVD nyingine, mnunuzi amwombe muuzaji kwanza aonyeshe tukio la usiku.