Nywila ya Mhasibu Si Mali ya Idara



Nimeombwa nizungumzie usalama wa kompyuta kazini, na bila shaka mnategemea nianze na virusi na wadukuzi. Naomba nianze na likizo. Mhasibu anapokwenda kujifungua, malipo hayamsubiri. Anamwachia mwenzake nywila kwenye kikaratasi, au anaitaja kwa simu akiwa wodini. Hakuna anayeona kosa. Kumnyima mwenzako nywila ni roho mbaya. Kumnyima bosi ni utovu wa nidhamu.

Lakini mfumo haumjui mtu, unajua jina lililoingia. Mkaguzi akikuta malipo yameidhinishwa saa tatu usiku, atamwita mwenye jina, na kujitetea kwamba "nilimpa fulani" kunamzidishia mzigo. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai.

Hata hivyo, mimi lawama kubwa naitupia ofisi. Kama kuna kaimu wa kiti, kwa nini asiwepo kaimu wa akaunti? Mkuu wa idara aandike, afisa TEHAMA amfungulie kaimu akaunti yake mwenyewe, yenye mipaka na tarehe ya kwisha, na ya aliye likizo isimamishwe. Ofisi isiyofanya hivyo inawalazimisha watumishi wagawane nywila, kisha inawaandikia barua za onyo.

Ndivyo ilivyo pia kwa amri ya kubadili nywila kila baada ya miezi mitatu. Mtumishi aliyechoka ataweka Januari@1, kisha Aprili@1. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu mwaka 2017 inashauri nywila ibadilishwe panapokuwa na dalili kwamba imevuja, si kwa kufuata kalenda. Kinachosaidia zaidi ni urefu.

Sasa tuitazame Benki Kuu ya Bangladesh. Februari 2016, wezi walituma kwa jina la benki hiyo maagizo 35 ya malipo kwenda Federal Reserve ya New York, jumla dola milioni 951. Mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 ziliishia Ufilipino. Wachunguzi wa Marekani wanasema mlango ulikuwa barua pepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, zenye kiungo cha kupakua wasifu wake. Siku ya tukio, printa inayochapa taarifa za miamala iligoma, na waliokuwa zamu wakadhani ni ugonjwa wake wa kawaida. Kumbe ni programu ya wezi iliyoizuia isichape. (Hapa kwetu je? Printa ikigoma Ijumaa mchana, nani atamwita mtu kabla ya Jumatatu?)

Katika kisa hicho siwezi kumlaumu aliyefungua barua ile. Afisa utumishi hupokea barua za waombaji kazi kutwa. Ukimwambia asifungue barua ya mtu asiyemjua, umemwambia asifanye kazi. Kinachotakiwa ni kompyuta yake isiwe na njia ya kufika kwenye mfumo wa malipo. Mpelelezi wa polisi wa Bangladesh aliliambia shirika la Reuters kwamba benki ile iliunganisha mtandao wake kwa swichi za mitumba za dola 10.

Kuhusu flashi za kuokota na nakala rudufu, waraka mnao mezani. Nitagusa moja tu: orodha za wagonjwa na wanafunzi zinazopigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya idara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kundi la kazini halijasamehewa.

Baada ya chakula, kila mkuu wa idara aketi na afisa TEHAMA wapitie akaunti zilizo wazi katika idara yake. Waanze na za waliostaafu na waliohamishwa.