Mkakati wa Utafutaji Nao ni Ilimu

Yafaa leo tuitazame kazi moja ifanywayo kimyakimya katika maktaba za vyuo vya tiba, nayo ni ile ya mkutubi kutunga mkakati wa kuwatafutia matabibu kila makala iliyopata kuandikwa, tuseme, juu ya malaria na vyandarua vyenye dawa: huyakusanya maneno na visawe vyake, akayafunga kwa “au” na “na”, akatia istilahi rasmi za hifadhi ya MEDLINE, akajaribu, akasahihisha, hata mkakati wenyewe ukajaza ukurasa mzima.

Ajabu ni kwamba kazi hiyo, ambayo hukumu yote ya mapitio ya utafiti imesimama juu yake, mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu kisha ikapotea, na msomi atakaye kuihakiki hana budi kuanza upya. Kwa sababu hiyo mwongozo wa PRISMA-S, uliotolewa mwaka 2021 ukiwa na vipengele 16, wataka mkakati unakiliwe neno kwa neno kama ulivyotumika, na tarehe yake itajwe. Nalo shirika la kimataifa la CABI, lenye makao yake Uingereza, limefungua hazina iitwayo searchRxiv, ambamo mkakati huwekwa pamoja na jina la mtungaji na kitambulisho cha kudumu.

Hilo la jina, kwa rai yangu, ndilo zito, kwani wakutubi wengi wameishia kushukuriwa tanbihini. Walakini aazimaye mkakati wa mwenzake na aupime kwanza, maana istilahi za hifadhi kama MEDLINE hufanyiwa mabadiliko kila mwaka.