"Lazima" Iliyoponyoka Paris

Msikilizaji, mwambie jirani kwamba mwanao yuko chuo kikuu anatafiti mabadiliko ya tabianchi. Swali lake litakuwa moja: mvua mwaka huu vipi? Sasa mjibu kwamba mtoto hapimi mvua. Anachunguza namna mataifa yanavyoafikiana, au yanavyoshindwa kuafikiana. Jirani atanyamaza kwa adabu tu. Kazi gani hiyo?

Kazi yenyewe ni hii. Desemba 12, 2015, jijini Paris, wajumbe wa nchi karibu 200 walikuwa wamekaa tayari kupitisha mkataba wa tabianchi. Wakasubiri, saa zikapita. Kumbe Wamarekani walikuwa wameona kwamba Ibara ya 4 inazitaka nchi tajiri, kwa lazima, ziongoze kupunguza gesijoto. Neno hilo lingeweza kuilazimu serikali ya Obama kuupeleka mkataba mbele ya Seneti, na huko ndiko ungezikwa. Hatimaye ofisa wa sekretarieti akasoma masahihisho madogomadogo, na humohumo "lazima" ikageuka "yafaa". Mwenyekiti, Laurent Fabius wa Ufaransa, akagonga nyundo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Na kwa nini nchi moja iweze kuusimamisha ukumbi mzima? Kwa sababu tangu mkutano wa kwanza wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, Berlin 1995, nchi wanachama hazijaelewana hata juu ya kanuni ya kupiga kura. Mambo hupita kwa maafikiano. Lakini maafikiano ni kitu gani? Hapo ndipo penye utamu. Cancún, mwaka 2010, Bolivia ilisimama peke yake ikapinga. Mwenyekiti, Patricia Espinosa wa Mexico, akaamua kwamba sauti moja haiwezi kuwazuia wengine wote, akagonga. Baku, 2024, India ililalamika kwamba nyundo imegongwa kabla haijapewa nafasi ya kusema. Zikapita dola bilioni 300 kwa mwaka za kuzisaidia nchi zinazoendelea, na hizo ni za kufikiwa ifikapo 2035. Afrika ilikuwa imekwenda kudai trilioni 1.3.

Kipimamvua hakikuonyeshi hayo.

Mtafiti chipukizi anayeyasomea anaweza kusoma nyaraka zote akiwa maktaba, lakini mengi huamuliwa kwenye korido, na koridoni huingii bila beji. Misafara ya serikali zetu kwenda mikutanoni si mifupi, na sijasikia wakubwa wakikosa viti. Mimi siwaombei vijana nafasi kwenye ile mikutano ya marais. Naomba kwenye mikutano ya Bonn, Ujerumani, ya kila Juni, isiyo na zulia jekundu wala kamera nyingi, ambako maneno yanayobishaniwa hutiwa kwenye mabano, yakabishaniwa siku nzima, mengine yakatolewa mabanoni na mengine yakafutwa. Nauli moja, beji moja. Kijana aketi nyuma ya mjumbe wetu na daftari lake, amnong'oneze mara "lazima" inapoanza kuponyoka.