Osiloskopu ya Boksi Lililofunguliwa: Ukaguzi Kabla ya Kulipa

Mada kwa semina ya mafundi na walimu wa elektroniki, Musoma



Kazi zinazofika mezani kwetu zimebadilika. Redio bado zipo, lakini siku hizi mvuvi wa Mwigobero anakuletea chaja ya taa za sola za kuvulia dagaa, mchimbaji mdogo wa Buhemba anakuja na detekta ya dhahabu iliyonyamaza baada ya kunyeshewa, na mwenye ukumbi pale Bunda mjini ana inveta inayozima kila anapowasha friji. Multimeta itakuambia volti 12 zipo. Haitakuambia kwamba juu ya hizo volti 12 kuna mawimbi yanayotoka kwenye kapasita iliyochoka, wala kwamba mapigo yanayokwenda kwenye koili ya detekta yamelegea kona. Hapo unahitaji osiloskopu, na hapo ndipo bei inapotushinda. Ndiyo maana macho yetu yanakimbilia zile zilizorudishwa dukani: boksi limefunguliwa, mtu amezijaribu akazikataa, bei imeshuka.

Nimekuja na hoja moja. Punguzo lile ni ujira wa kazi ambayo muuzaji ameiacha, yaani kukagua chombo, na anayepaswa kuifanya ni wewe mnunuzi. Ukiikwepa, umenunua bahati nasibu.

Tuanze na hesabu. Chukua mfano wa kukokotolea tu: mpya inauzwa shilingi 1,200,000, ya boksi lililofunguliwa 900,000. Umeokoa 300,000. Sasa angalia ndani ya boksi. Osiloskopu ni ya chaneli nne, probu ziko mbili, na moja imekatika kishikio. Kununua probu tatu nzuri peke yake kunaweza kula sehemu kubwa ya hiyo laki tatu. Kisha weka gharama ya kuirudisha. Mtu wa Dar es Salaam akigundua kasoro jioni, kesho asubuhi yuko Kariakoo. Sisi tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko. Kifurushi kinapanda basi, kinapokelewa na mtu usiyemjua, na muda wa kurudisha unakwisha kikiwa njiani. Kwa hiyo punguzo la asilimia 25 la Dar es Salaam, ukiwa Musoma, ni dogo kuliko linavyosomeka.

Wapo wanaopitia Nairobi na kuingiza kwa Sirari. Hakuna ubaya, lakini msidanganywe kwamba kitu kikinunuliwa Kenya basi kimeshakuwa cha Jumuiya. Nafuu ya ushuru ya Afrika Mashariki inafuata mahali kilipotengenezwa. Osiloskopu ya China inabaki ya China hata ikiuzwa River Road, na mpakani inatangazwa na kulipiwa kodi yake.

Sasa ukaguzi wenyewe. Nenda na multimeta, betri ya sola, flashi, na probu yako nzima kama unayo. Kabla ya kuwasha, tazama vichwa vya skrubu za nyuma: vikiwa na mikwaruzo, imeshafunguliwa zaidi ya boksi. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye kibandiko, kwenye boksi na, baada ya kuwasha, kwenye menyu ya taarifa za mfumo. Zikitofautiana, usibishane na mtu, ondoka.

Kuna kipimo kimoja ambacho wauzaji hawakitarajii, nacho huchukua nusu dakika. Osiloskopu ikiwa haijachomekwa, weka multimeta kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye chuma cha nje cha soketi ya BNC. Lazima ilie. Isipolia, jaribu kwa waya mwingine wa umeme. Ikiendelea kunyamaza, huenda kuna mtu amekata ethi kwa makusudi, na sababu yake naijua. Alikuwa anapima upande wa moto wa pawa saplai ya runinga. Umeme wa TANESCO wa volti 230 ukishanyooshwa na daiodi unakaa karibu volti 325 kwenye kapasita kubwa, na klipu ya probu imeunganishwa moja kwa moja na ethi. Ukiibana klipu ile kwenye upande huo, unapata shoti, cheche, na mara nyingi njia ya shaba ndani ya osiloskopu inaungua. Fundi asiyejua dawa yake anakata ethi, na kuanzia hapo kasha lote la chombo linaweza kubeba umeme huku yeye amelishika. Dawa ni kuipitisha runinga kwenye transfoma ya kutenga, au kutumia probu ya tofauti. Osiloskopu yenyewe ibaki na ethi yake. Walimu, naomba hili lifundishwe kabla mwanafunzi hajashika probu.

Iwashe, uiache ipate moto kwa nusu saa. Muuzaji atanung'unika, mwache. Wakati huo zungusha kila kifundo taratibu, maana kilichochakaa huruka hatua au hurudi nyuma. Hifadhi picha ya skrini kwenye flashi. Fungua menyu ya programu za majaribio kama zipo. Kwenye Rigol za jamii ya DS1000Z, muda wa majaribio unapungua kwa dakika chombo kikiwa kimewashwa, kwa hiyo ukiambiwa “iliwashwa mara moja tu” na dakika zimekwisha, umeshajua nani wa kuamini.

Nusu saa ikiisha, ondoa kila kitu kwenye soketi na uendeshe kujirekebisha kwa ndani. Kisha chukua chaneli moja moja, bila kitu chochote, upitie volti zote kwa kila mraba, kutoka ndogo hadi kubwa. Utasikia rilei zikibofya. Mstari unapaswa kubaki karibu na sifuri. Chaneli iliyowahi kupigwa volti nyingi mara nyingi huwa nzima kwenye vipimo kadhaa na mbovu kwenye vingine, ndiyo maana kuonyeshwa wimbi zuri kwenye kipimo kimoja hakutoshi.

Baada ya hapo chomeka probu kwenye kile kijino cha mbele kinachotoa mawimbi mraba ya kilohezi 1. Kona zikiwa za mviringo au zimechomoza, rekebisha skrubu ndogo ya probu kabla ya kulaumu. Kisha hamisha probu ileile chaneli hadi chaneli. Kasoro ikihama na probu, probu ndiyo mbovu. Ikibaki kwenye chaneli, hiyo ni bei nyingine.

Betri ya sola nayo ina kazi. Multimeta inasoma 12.6, osiloskopu inasoma 12.3, na mnunuzi anataka kuikataa. Asiinyime haki yake. Osiloskopu nyingi za bei ya kati zinaahidi usahihi wa asilimia 3 ya skrini nzima: volti 2 kwa mraba, miraba 8, ni volti 16, na asilimia 3 yake ni takriban nusu volti. Chombo hiki ni cha kuona umbo, namba kamili iachie multimeta.

Watu hudanganywa zaidi kwenye upana wa masafa. Megahezi 50 maana yake kwenye masafa hayo wimbi linaonekana limepungua hadi asilimia 70 hivi ya kimo chake, na ukingo wa haraka kabisa unaoweza kuonyeshwa ni wa nanosekunde 7. Kwa megahezi 100 ni 3.5. Menyu haitoshi kuwa ushahidi. DS1054Z, kwa mfano, inajulikana kote kwa kuamshwa kwa namba za siri kutoka 50 hadi 100. Tengeneza kisaketi cha IC ya 74AC14 chenye resista ya ohmu 50 hivi kwenye towe, kiunganishe karibu kabisa na soketi bila waya mrefu wa klipu, upime muda wa kupanda. Ukisoma karibu 4 kwenye inayouzwa kama 100, sawa. Ukisoma 7, lipia ya 50. Saketi hiyo ni rahisi, na moja inatosha kuzunguka kati ya Musoma, Bunda na Butiama.

Kwenye risiti ya EFD, dai namba ya utambulisho, maneno kwamba boksi lilifunguliwa, na siku za kurudisha zihesabiwe tangu unapopokea kifurushi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haimlindi mnunuzi kwa kasoro ambayo ukaguzi alioufanya ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo uliyoyaona yaandikwe kabla pesa haijatoka.

Si kila kasoro ni ya kukataa. Chaneli moja mbovu kati ya nne, kwa fundi wa chaja na detekta, ni sababu nzuri ya kushusha bei zaidi, kwa kuwa kazi zake nyingi zinahitaji chaneli mbili. Kwa chuo ningeiacha, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka ujao hatajua ni chaneli ipi inayodanganya.