Wingi wa Vifaranga Si Uhai wa Mto



Samaki wanapopungua mtoni au ziwani, dawa inayokimbiliwa upesi ni kuzalisha vifaranga katika mabwawa na kuwamwaga majini kwa maelfu. Hesabu yao huandikwa, na kazi hudhaniwa imekwisha. Lakini swali la msingi hubaki palepale: je, samaki wa asili huongezeka?

Jimbo la Montana, huko Marekani, lilijibu swali hilo kwa vitendo. Kwa miaka mingi lilikuwa likimwaga trauti wa kufugwa katika mito yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa samaki, Dick Vincent, alianza jaribio la wazi. Katika sehemu moja ya Mto Madison upandikizaji ulisimamishwa. Katika kijito cha O'Dell, ambacho hakikuwa kikipandikizwa, ulianzishwa. Kule Madison trauti wakubwa wa asili waliongezeka zaidi ya maradufu. Kule O'Dell walipungua kwa karibu nusu. Wengi walipinga, lakini ushahidi ulishinda. Mwaka 1974 Montana iliacha kupandikiza katika mito yenye trauti wa asili wanaojizalia wenyewe.

Sababu yake haikufichika. Samaki wa bwawani huingia kwa wingi ghafla, hugombea chakula na maficho, huwavuruga wenyeji, kisha wengi wao hufa upesi kwa kuwa wamezoea kulishwa. Wachache wanaosalia huzaana na wenyeji na kurithisha udhaifu. Uchunguzi wa samaki wa stilihedi katika Mto Hood, jimboni Oregon, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa uwezo wao wa kuzaa mtoni hushuka kwa karibu asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni.

Hata hivyo, jembe halitupwi kwa sababu limetumiwa vibaya. Katika Ziwa Superior, mpakani mwa Marekani na Kanada, trauti wa ziwani walikaribia kutoweka katika miaka ya 1950 kwa uvuvi wa kupindukia na kwa lampri, mnyama wa majini mwenye umbo la mkunga ambaye hujibandika kwa samaki na kumnyonya damu. Huko vifaranga hawakuachwa wapigane peke yao. Kuanzia mwaka 1958 mito wanamokulia watoto wa lampri ilitiwa dawa, na uvuvi uliwekewa mipaka mikali. Trauti waliozaliwa ziwani waliongezeka, na katikati ya miaka ya 1990 upandikizaji ulisimamishwa katika sehemu kubwa ya ziwa hilo. Ulikuwa mkongojo, mgonjwa alipopona, uliwekwa kando.

Ziwa Victoria nalo lina funzo lake. Nyavu za makila zililetwa huko mwaka 1905, na ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, wakaanza kupungua. Michael Graham, aliyelichunguza ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Baadaye, katika miaka ya 1950, serikali za kikoloni zilileta perege wa kigeni, akiwamo sato, ili kujaza pengo. Sato walistawi, ngege hawakurudi. Leo ngege hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya jirani, kama Kanyaboli nchini Kenya. Pengo la kitoweo lilizibwa kwa kiasi, lakini samaki aliyepotea hakurejeshwa.

Kwa hiyo, kumwaga vifaranga katika maji ambamo nyavu haramu zinaendelea, mazalia yameharibiwa na uchafu unamiminwa, ni kuteka maji kwa pakacha. Kwanza kiondolewe kilichowaua wazazi. Ikiwa wenyeji wamekwisha kabisa au wamebaki wachache mno, vifaranga watokane na wazazi wa maji hayohayo, na kazi iwe na mwisho.

Kipimo cha haki si idadi ya vifaranga waliomwagwa siku ya sherehe. Ni idadi ya samaki waliozaliwa humo, wakakua, wakazaa bila kushikwa mkono na mtu.