Ahadi ya Taifa na Watoto Wetu Darasani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Shimoni



Taarifa ya fedha na ya kazi za mwaka mmekwisha kuzisikia. Sisi wa halmashauri ya elimu tumepewa zamu ya kusema juu ya jambo moja lililozungumzwa sana barazani mwaka huu, wakati mwingine kwa sauti za juu: je, yafaa watoto wetu wasimame darasani kila asubuhi na kutamka kwa pamoja ahadi ya uaminifu kwa taifa?

Jambo hili si geni kwetu. Katika enzi ya Rais Daniel arap Moi, aliyetawala tangu 1978 hadi 2002, wanafunzi wa Kenya walikuwa wakisimama mstarini na kuahidi uaminifu wao kwa Rais na kwa taifa, kuilinda bendera, na kutoa maisha na nguvu zao katika kazi ya kulijenga taifa kwa Harambee. Walimalizia kwa kuitaja falsafa ya Nyayo, yaani amani, upendo na umoja. Wengi wetu tulikuwa katika mistari hiyo, na maneno yale twayakumbuka hata leo. Lakini mkituuliza ni siku gani tulikalishwa tukaelezwa maana ya mtoto wa miaka tisa kuahidi maisha yake, hatuna jibu.

Wenzetu wanaotaka ahadi isomwe wana hoja nzito, wala si haki kuzipuuza. Wasema kwamba katika dawati moja hapa kwetu huketi Mdigo, Mvumba, Mpemba, Mkamba na Mluo, na kwamba watoto hao wahitaji neno moja la kuwaunganisha. Tena watukumbusha kwamba sisi sote tulihifadhi Juzuu Amma kwa ghibu kabla ya kujua maana yake, na maana ikatujia baadaye ukubwani. Kwa nini basi tuogope kumhifadhisha mtoto maneno ya taifa lake?

Hoja ya kwanza twaikubali bila ya shaka. Ama ya pili, twaona kwamba kuna tofauti. Kuhifadhi ni kuweka akiba. Kuahidi ni kujifunga. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni haliandikwi kwa mtu asiyejua anachokopa. Hata fikihi yetu haimfungi mtoto asiyebaleghe kwa nadhiri aliyoiweka. Na baharia wa hapa kwetu hapandi chombo cha tajiri kabla ya kupatana juu ya mgao wa samaki. Itakuwaje basi mtoto apandishwe katika ahadi ya maisha yake yote, na mgao wake asiujue?

Wazee waliopo mbele yetu wana ushahidi mwingine. Ukanda huu wa maili kumi ulikuwa chini ya bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, huku Mwingereza akiutawala. Tarehe 12 Desemba 1963 ikapanda bendera yetu ya nyeusi, nyekundu na kijani, yenye milia myeupe. Bendera zilibadilika, na wenye amri wakabadilika, lakini watu wa Shimoni walibaki pale pale na nyavu zao. Kwa hiyo ahadi inayomtaja mtawala huondoka pamoja na mtawala. Ile ya enzi ya Nyayo ilimtanguliza Rais, kisha taifa. Ikiwa ahadi itasomwa tena, basi isimtaje mtu. Itaje nchi, sheria na jirani.

Tusisahau vilevile kwamba neno la kutuunganisha tunalo tayari, nalo ni wimbo wa taifa. Ulitayarishwa kwa ajili ya uhuru wa 1963, na sauti yake ilitokana na wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kubembelezea watoto, huko Mto Tana, katika pwani yetu hii hii. Wimbo ule ni dua. Mwombaji hutaka heri kwa wote, wala hajifungi kwa deni asilolijua. Tena Ibara ya 9 ya Katiba ya 2010 yataja alama za taifa kuwa ni bendera, wimbo wa taifa, nembo ya taifa na muhuri wa umma. Ahadi haimo.

Sasa twaja kwenye jambo lililotuuma zaidi. Ndugu zetu Wapemba wameishi pwani hii kwa vizazi kadhaa. Walikuja na pepo za kusi na kaskazi wakifuata samaki, wakaoa na kuolewa, wakazika wafu wao hapa. Hata hivyo kwa miaka mingi hawakutambuliwa kuwa raia. Asiye na kitambulisho alipata taabu kusajili chombo chake, kufungua hesabu benki, na kumtolea mwanawe cheti cha kuzaliwa. Ndugu zetu Wamakonde, waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walitambuliwa mwaka wa 2016. Wapemba walingoja mpaka 2023, katika serikali ya Rais William Ruto.

Fikirini, wazee wetu, juu ya mtoto wa Kipemba katika mistari ile ya asubuhi. Aliahidi nguvu na maisha yake kwa taifa lililokuwa halijakubali kuandika jina la baba yake. Yeye alitoa neno lake. Taifa lilikuwa halijatoa lake. Hilo ndilo deni la upande mmoja, na hatupendi kuona mtoto mwingine akiwekwa katika hali ile, awe wa kabila lolote.

Mambo haya yamefika mahakamani katika nchi nyingine pia. Huko Marekani, tarehe 14 Juni 1943, vita vikuu vikiendelea, Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba mwanafunzi hawezi kulazimishwa kuisalimu bendera na kutamka ahadi. Jirani zetu wa Tanzania nao waliamuliwa na Mahakama yao ya Rufani mwaka wa 2013, katika shauri la wanafunzi waliofukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa kwa sababu ya dini yao, na wanafunzi wakapata haki. Katiba yetu wenyewe, katika Ibara ya 32, yakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake.

Kwa hivyo halmashauri yatoa rai hizi tatu mbele yenu.

Kwanza, walimu wakiona vema kusoma ahadi, waifundishe kwanza kama somo, neno kwa neno, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, na mtoto aruhusiwe kuuliza.

Pili, mtoto akinyamaza asipigwe wala asiaibishwe. Anayesimama kimya kwa adabu hajaikosea nchi.

Tatu, na hili ni letu sisi wenyewe wala si la walimu: kila mwanachama amtazame mtoto wa jirani yake ambaye hana cheti cha kuzaliwa, afuatane na wazazi wake mpaka kwa chifu na kwa msajili, asichoke akiambiwa aje kesho. Tukifanya hivyo, siku mtoto yule atakapoahidi, atakuwa anaahidi kwa nchi inayomjua.

Twajua kwamba baadhi yenu hamtaridhika nasi, na mlango wa majadiliano u wazi. Lakini twawasihi jambo moja: tusiwadai watoto kabla hatujawalipa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, aibariki nchi yetu, na atujaalie kukutana tena mwakani. Amin.